Karatasi Haikauki kwa Amri

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote pale karakana ni ya ukucha wa Bi Zuhura ukigonga barakoa ya karatasi. Anagonga shavu: ko. Kavu. Anahamia puani: ko. Kavu. Anafika chini ya kidevu, mahali ambapo karatasi hukunjana na kuwa nene: bu. Hapo anaigeuza kifudifudi juani, anasema "Bado," anachukua nyingine. Asubuhi zote za uani kwetu zilikuwa hivyo, ko, ko, bu, kama mtu anayebisha hodi mtaa mzima na kukuta baadhi ya wenyewe hawajaamka.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mliobaki pale karakana. Nimestaafu. Najua mtacheka, maana mstaafu mnayemjua ni mzee mwenye bahasha ya kaki mkononi na miwani iliyofungwa uzi. Mimi nina miaka thelathini na mbili na muziki ukilia nacheza. Lakini daktari amenisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniambia niachane na vumbi, na kazi yetu siku hizi ni vumbi. Zamani haikuwa vumbi. Hilo linanikasirisha, na si hilo peke yake. Nitaeleza kwa mpangilio kadiri ninavyoweza. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkiona nimeruka mahali, mjue sijaficha kitu, nimeruka tu.

Nilifika pale nikiwa na miaka kumi na minane, natafuta kazi ya kuuza duka. Nilikuwa nimezunguka Kariakoo mpaka soli ya kandambili imekuwa nyembamba kama chapati ya mgahawani. Duka la Bosi Fadhili lilikuwa la mapambo ya harusi: vitambaa, maua ya plastiki, taa za jukwaani, na ukutani barakoa. Moja ilikuwa uso wa mwanamke anayecheka na jino moja halipo. Nikasimama kuitazama, na nadhani nilicheka nayo.

"Dada, unanunua au unaangalia?" Bosi akauliza.

Sauti ikatoka nyuma, kwenye mlango wa uani. "Anaangalia. Mwache. Wenzake wote wanapita tu."

Ndivyo nilivyomjua Bi Zuhura. Mama wa makamo kutoka Lindi, mfupi, khanga imefungwa kifuani juu ya gauni, mikono myeupe kwa uji wa ngano mpaka viwikoni. Karakana ilikuwa ya Bosi, lakini kila kilichotoka humo kilipita kwenye mikono ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu kucha zako."

Nikamwonyesha. Zilikuwa ndefu na nimezipaka rangi.

"Hizo zitakatika zenyewe. Kaa hapo urarue karatasi."

Nikaona mkasi, nikauchukua. Akaninyang'anya bila hata kunitazama. "Huo wa vitambaa. Karatasi inararuliwa kwa vidole. Ukiikata, ukingo wake unasimama kama ngazi, upake rangi usipake unaonekana. Ukiirarua inabaki na nywele, na zile nywele zinashikana na za mwenzake." Nikararua magazeti mpaka adhana ya alasiri. Jioni kucha zilikuwa zimekatika zenyewe.

Mambo aliyonifundisha mwaka ule wa kwanza nayaandika hapa kwa sababu nimeona mnavyofanya sasa, na najua hamkuambiwa. Gazeti ni la ndani. Nje ni karatasi ya mfuko wa simenti, ile ya kahawia, ina nguvu kama ngozi. Mifuko mitupu tulikuwa tunaipata kwa Mangi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, mtu wa Moshi aliyepima simenti kwa kilo kwa wale wasioweza kununua mfuko mzima. Alituita "watu wa uji". Uji wenyewe, ndiyo gundi yetu, ni unga wa ngano, na kwenye uji lazima chumvi na maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, la sivyo mende watakula kazi yako. Mende wa Kariakoo hawachagui, watakula twiga, watakula malaika wa Krismasi, watakula bibi harusi na bwana harusi.

Kurasa zenye Aya au maneno ya Biblia tuliziweka pembeni, hazikanyagwi wala haziloweshwi. Na matangazo ya tanzia yenye picha za marehemu, hayo Bi Zuhura hakuyararua kabisa. Aliyabandika mazima, ndani kabisa, uso ukiangalia nje. Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe ungependa kuraruliwa?"

"Hapana."

"Basi."

Chombo chake kikubwa kilikuwa kijiko cha chai, kizito, kimelika upande mmoja. Barakoa ikiwa na unyevunyevu bado, si mbichi na si kavu, anaipiga pasi kwa mgongo wa kile kijiko, taratibu, shavu hadi shavu, mpaka inang'aa kama yai. Ikikauka inakuwa laini hivyo hivyo. Msasa pale ulikuwepo kipande kimoja, na tulikitumia kunolea kisu cha vitunguu. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Mimi nilikuwa mtu wa ndoto, na bado. Nilikuwa namwambia Bi Zuhura kwamba siku moja kutakuwa na jumba kubwa, barakoa zake zote zimepangwa na kila moja ina taa yake, watu wanaingia wanaongea kwa kunong'ona.

"Hilo jumba lako lina choo?" akauliza.

"Sijafikiria."

"Fikiria. Watu wakinong'ona sana wanataka choo."

Sasa nije kwenye jua. Kazi yetu haihitaji umeme wala mashine, inahitaji jua. Tabaka moja, jua. Tabaka la pili, jua. Ukiharakisha, umeharibu. Uani kwetu jua lilikuwa linaingia asubuhi na kukaa mpaka mchana mkubwa. Halafu nyumba ya jirani, ya udongo na bati, ikabomolewa, likaanza kupanda ghorofa. Kila sakafu waliyomwaga zege ilikula sehemu ya jua letu. Ilipofika ya tano tulibaki na kipande cha jua chenye upana wa mkeka, nacho kilipita ukutani kama mtu anayewahi kazini. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Mtu akichukua ndoo yako ya maji mnaitana kwa mjumbe, lakini jua la watu linachukuliwa hivi hivi, na mwenye ghorofa akikutana nawe anakusalimia vizuri.

Ikabidi tuvuke barabara na kazi mikononi, tuanike juu ya dari ya stoo ya Mangi, ambayo ilikuwa ya zege na tambarare. Mangi alikuwa anasimama mlangoni akituangalia tunapandisha ngazi.

"Jana kiboko, leo twiga. Kesho mtaniletea nini huko juu?"

"Faru, Mangi," Bi Zuhura akasema.

"Faru alipe kodi."

Hakutudai kodi hata siku moja. Na mvua ikianza kudondoka alikuwa wa kwanza kupiga mluzi, wateja anawaacha kaunta, anakimbilia ngazi.

Bosi Fadhili hakupenda ile safari ya kuvuka barabara. Aliona ni kupoteza muda. Sitaki kumwandika kama shetani, alikuwa mtu mcheshi, akija na ndizi anagawa kwa wote. Lakini alikuwa mtu wa dukani, alizoea kitu kinachotoka kwenye boksi kikiwa tayari. Alikuwa anasimama mbele ya kinyago kibichi na kukitazama kama mtoto anayekataa kulala makusudi. Bi Zuhura alikuwa anamwambia, "Bosi, karatasi haikauki kwa amri." Bosi alikuwa anacheka. Baadaye aliacha kucheka.

Ikaja kazi ya tausi. Mpambaji mmoja wa kumbi, Mama Glory, alitaka tausi wawili wa kusimama jukwaani, mmoja kulia mwingine kushoto mwa maharusi, warefu kuliko mtu, mikia imefunguka. Ilikuwa ni masika. Yeyote aliyewahi kuanika hata soksi mwezi wa nne Dar es Salaam anajua nasema nini. Bosi akakubali palepale, akaja uani anasugua mikono.

Tuliwatengeneza. Waya na wavu wa kuku kwa ndani, magazeti, halafu mifuko ya simenti, halafu manyoya, unyoya mmoja mmoja, Bi Zuhura anakata mistari yake kwa ncha ya sindano. Sijawahi kuona kazi ya namna ile. Mvua ikipumzika tunavuka nao kwa Mangi, ikirudi tunashuka nao, Mangi anashika miguu, mimi mkia, Bi Zuhura kichwa. Tausi wa kwanza tulimwanza mapema, akakauka. Wa pili alibaki nyuma, na shingo yake ilikuwa nene, imejazwa karatasi zilizopondwa ili ibebe kichwa.

Siku mbili kabla ya harusi Bosi akaja. Bi Zuhura akagonga mbele yake. Tausi wa kwanza, mkia mpaka kichwa: ko. Wa pili, mkia ko, tumbo ko, shingo bu.

"Huyu bado," akasema.

"Bi Zuhura, harusi keshokutwa."

"Najua. Nakupa mmoja."

"Bibi harusi anakaa katikati, tausi wawili pembeni. Umeona wapi tausi mmoja?"

"Wewe umeona wapi tausi mbichi?"

Bosi akavuta pumzi. "Mama, mimi nimetoa ahadi kwa mtu."

"Umetoa wewe, bosi. Shingo haikuahidi kitu."

Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale, nakoroga uji. Nilisikia kila neno. Nataka hilo lieleweke kuliko vyote nilivyoandika humu: alisema bado, alisema mbele ya mwenye kazi, na akatoa njia nyingine. Mmoja mkavu.

Bosi akaagiza jiko la mkaa. Likawekwa chini ya shingo ya tausi, feni likaelekezwa kifuani. Ninyi mnalifanya hilo kila siku sasa, kwa hiyo niwaeleze linafanya nini. Moto unakausha nje. Nje panakuwa pagumu kama ganda, na maji yaliyoko ndani hayana tena pa kutokea. Halafu unapaka rangi ya mafuta, halafu vanishi, umefunga mlango na kupiga kufuli. Ukigonga hapo, hata ukucha unadanganywa. Kile kitu kinaoza kimya kimya kimependeza.

Bosi akamnyooshea Bi Zuhura brashi. Akaiangalia, akaficha mikono ndani ya khanga.

"Siipaki hiyo."

"Unakataa kazi?"

"Nakataa hiyo. Nipe yule mwingine nimalize."

Bosi akaenda barabarani akamleta fundi wa kuchora mabango, mtu asiyejua lolote la karatasi, akapaka. Niseme ukweli, alipaka vizuri. Bluu ile na kijani kile, na macho ya mkia kwa dhahabu. Tausi alipendeza mpaka nikaona uchungu.

Nilitumwa niende nao ukumbini, nikae nyuma ya jukwaa kuwazuia watoto wasiwashike. Maharusi wakaingia, watu wakapiga vigelegele, taa zikawashwa, zile taa kubwa zenye joto la kukaangia. Tulikwenda vizuri mpaka wakati wa zawadi. Wakwe walikuwa wamepanga mstari mbele ya jukwaa, ndipo nikaona mdomo wa tausi wa kushoto umeshuka. Nikadhani ni macho yangu. Ukashuka tena. Shingo ilikuwa inainama, polepole, kwa adabu kabisa.

MC akaona. "Jamani, hata tausi anawaamkia wakwe. Wakwe, itikieni: marahaba."

Ukumbi mzima ukaitikia marahaba. Mimi nikatoka nyuma ya jukwaa nikakimbia kuishika ile shingo. Sikuwahi. Rangi ikapasuka kooni, kichwa kikaning'inia kwenye waya, na tope la kijivu la karatasi, linalonuka kama uji uliolala, likamwagika juu ya zulia jeupe. Bibi harusi akapandisha gauni akarudi nyuma. Kila simu ilikuwa juu.

Ile video mmeiona. Kila mtu Kariakoo ameiona. Mle ndani kuna msichana anayeingia mbio na mikono mbele, watu wamemwekea maandishi ya kumcheka. Ni mimi.

Jumatatu Mama Glory akaja dukani. Alikuwa na haki ya kukasirika, jina lake ndilo lililokuwa kwenye ule ukumbi. Akasimama katikati ya duka akauliza swali moja: nani ametengeneza tausi yule.

Bosi akamwonyesha Bi Zuhura kwa kidevu. "Mama yetu huyu. Amekuwa fundi mzuri miaka mingi, sema umri, macho, unajua tena. Nadhani uji aliotumia ulikuwa umechacha."

Eti ulikuwa umechacha. Nilichemsha ule uji mimi mwenyewe.

Bi Zuhura akasema, "Nilikuambia bado."

"Uliniambia? Lini? Nani alisikia?"

"Mimi nilisikia," nikasema. "Ulimwekea jiko wewe, Bosi."

Bosi akageuka akanitazama kwa upole, na upole ule ndio siwezi kuusamehe. "Rehema mdogo wangu, huyu ni mwalimu wako, tunaelewa unampenda. Lakini wakubwa wakiongea, nyamaza kidogo."

Mama Glory akatuangalia wote watatu. Mwenye duka, mama mwenye uji mikononi, na msichana. Akachagua wa kumwamini, akachagua vile watu wanavyochagua. Kabla ya adhuhuri wapambaji wote walikuwa wamepeana habari kwenye simu: kazi za yule mama wa Lindi zinaoza, msichukue.

Bi Zuhura hakugombana. Alinawa mikono kwenye pipa, akajifunga khanga upya. Nikamfuata mpaka mlangoni nikilia.

"Mama, useme kitu."

"Nimesema. Wewe hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi. Zile za juu kwa Mangi uzigeuze, jua la leo linapiga upande mmoja."

Akaenda zake Ilala kwa binti yake. Nikapanda kwa Mangi nikazigeuza. Mangi alikuwa ameshaambiwa. Alipanda na yeye, akasimama huko juu na kalamu yake ya kaunta sikioni.

Niliendelea pale pale, maana nilikuwa na kodi ya chumba na sikujua kazi nyingine, na kwa sababu nilifikiri nikiwepo nitaweza kusema ukweli kila atakayeuliza. Hakuna aliyeuliza. Watu wakishakuwa na kichekesho hawaulizi maswali.

Bosi akaleta mtindo mpya. Jiko na feni kwa kila kitu. Kitu kinachokaushwa kwa moto kinajikunja na kufanya makunyanzi, kijiko hakifui dafu hapo, kwa hiyo ukaja msasa. Msasa mkubwa, msasa mdogo, na mwisho ule wa mashine. Chokaa na karatasi kavu vikawa hewani kuanzia asubuhi, uani kumeshazungukwa na maghorofa mengine pande zote, hakuna pa kutokea. Nywele zetu zilikuwa nyeupe, tunatoka pale kama mabibi. Tulikuwa tunatengeneza barakoa za kuuzia dunia nzima na sisi wenyewe hatuna hata ya kitambaa ya kuziba pua. Nilimwomba Bosi. Akasema wafanyakazi wa siku hizi wanapenda vifaa kuliko kazi. Mangi ndiye aliyenirushia kitambaa kutoka kaunta, "Jifunge, we mtu wa uji, unakohoa kama pikipiki ya mkopo." Kwa hiyo mkisikia kifua changu kimeharibiwa na kazi, si kweli. Kazi ni ile ya kijiko. Kilichoniharibu ni haraka, ile ile iliyomwangusha tausi.

Bi Zuhura alijaribu kutengeneza mwenyewe nyumbani kwa binti yake. Alikuwa na jua zuri pale, na mikono ni ile ile. Alitengeneza barakoa za samaki, nguru na changu wenye sura za watu, ukiwaona unawasalimia. Mnunuzi mmoja wa duka la watalii akazipenda, akataka zote, halafu akamuuliza jina. Alipomtajia, akasema atarudi.

Nilikuwa naenda kila Jumapili. Tulikuwa tunakaa kwenye baraza, ananifundisha bado, ananipiga kofi mkononi nikishika kijiko vibaya.

Siku moja akauliza, "Ile video bado inazunguka?"

"Hapana, mama. Watu wameshasahau."

Akaendelea kupiga pasi shavu la samaki. "Unasema uongo vibaya sana, Rehema. Ufanye mazoezi au uache."

Alifariki mwaka jana. Tulikaa kwenye mikeka, akina mama wanasoma, na mimi niko karibu na mlango kwa sababu ya kukohoa. Wakaingia wanawake wawili wa mtaa wa pili, wakakaa nyuma yangu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Kumbe ndiye huyu wa tausi?"

Maisha yake yote ya kazi. Zile nyuso zote alizozitoa kwenye magazeti ya jana na mifuko mitupu, ambazo zimekwenda nchi ambazo mimi sijui hata ziko upande gani. Mwanamke mwenye jino moja lisilokuwepo. Na amelala ndani amefunikwa, jina lake ni shingo aliyoikataa.

Nikageuka. Nikamwambia yule mama, kwa heshima, maana ni msiba, "Huyu ndiye aliyesema bado." Hakunielewa. Nilijua hatanielewa.

Sasa siku yangu ya mwisho, ambayo mlikuwepo. Mlinunua keki kwa fedha zenu na soda za baridi, mkaniandikia kadi, na mimi nilifurahi kweli, msidhani nilikuwa najilazimisha. Mlinivalisha taji la karatasi. Halafu Bosi akasimama kuongea. Alisema mazuri mengi. Akasema, "Rehema alifundishwa na yule mama wa tausi, lakini angalieni, yeye shingo yake haijainama."

Mkacheka wote.

Siwalaumu. Hamkuwepo, wengine mlikuwa shule ya msingi. Mlicheka kwa sababu mnaijua video, na hadithi mliyopewa ndiyo hiyo. Lakini ndipo nilipoona kwamba hata humu ndani, kwenye ua ule ule alimokaa, atabaki kuwa kichekesho, na nikishaondoka mimi hakuna tena aliyesikia.

Nikamwambia Bosi mbele yenu, kwa sauti ya chini, mnakumbuka: "Bosi, leo ni siku yangu ya mwisho. Waambie hawa ni nani aliyeweka jiko chini ya tausi."

Akatabasamu. "Dada Rehema, sherehe ni yako hii. Usiichafue mwenyewe."

Mkaangalia chini. Mmoja wenu akafungua soda nyingine ili pawe na kelele.

Basi nimewaambia mimi. Tausi wa kushoto alikuwa mbichi shingoni. Bi Zuhura aligonga, akasema bado, akatoa mmoja mkavu, akakataa brashi. Jiko liliwekwa kwa amri ya Bosi Fadhili na rangi ilipakwa na mtu wa barabarani. Uji haukuwa umechacha. Mtu akiwacheka mbele yenu kuhusu yule mama, mnajua la kusema, na kama mnaogopa, semeni mmeambiwa na Rehema. Yule Rehema wa kwenye video.

Kuna jambo jingine ambalo asubuhi iliyofuata mlianza kuulizana, na nimesikia Bosi amelipigia kelele. Semeni ni mimi, msibebe lawama.

Mlipokuwa mnatafuta kisu cha keki nilitoka uani kupunga hewa. Wale twiga walioagizwa na hoteli walikuwa wamesimama pale, wa kupelekwa kesho yake, na jiko linawaka chini ya shingo ya mkubwa. Mvuke ulikuwa unamtoka masikioni. Nikachota maji kwenye pipa kwa kopo la rangi, nikayamwaga juu ya mkaa kidogo kidogo, majivu yasiruke yakamchafua. Nikachota tena, nikamwaga, mpaka pakawa kimya. Nikachomoa feni. Nikakaa nikasubiri jiko lipoe, nikalishika kwa pindo la khanga, nikalitoa chini ya twiga na kulisogeza ukutani. Ndani mlikuwa mnaniita kwa kupiga makofi. Nikanawa mikono, nikaweka sawa taji langu la karatasi, nikaingia kukata keki.